Moto uzimike kabla ya maji kwisha

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu karibu na mbabula,

Mara hii naacha kofia, miwani na viatu vya kazi. Nataka kusema nanyi juu ya kitu cha kuchezea. Usicheke, soma kwanza.

Kitu chenyewe ni kifaru, yaani ile gari ya vita yenye minyororo ambayo watoto wetu wanaiita blinde. Ni kidogo, cha plastiki ama cha chuma, na kinaendeshwa kwa telekomande. Vifaru hivyo vya zamani vinafika kwetu ndani ya mizigo ya vitu vilivyotumika Ulaya, na mara nyingi vinafika vikiwa vimekufa: mota imeungua, ama mahali pa kuweka mabuye ya radio pameliwa na kutu. Zamani kitu kama hicho kilitupwa. Leo vijana wa makambi yetu wanaona kwenye telefoni namna watu wa mbali wanavyokifufua. Wanatoa mota ya umeme, wanaweka shodieri ndogo na mashini ya mvuke. Kisha nao wanataka kujaribu, na baba mwenye mikono ya atelye anakubali kuwasaidia.

Nimeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja: je, tukataze ama tuache? Mmoja anasema ni moto, tukataze. Mwingine anasema ni mchezo tu wa watoto, mbona munganga anaingilia. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, na nitaeleza sababu.

Kwanza, kazi yenyewe ni kazi ya akili, si upumbavu. Ujerumani na Uingereza walitengeneza mashini ndogo za mvuke za kuchezea tangu zamani sana. Nyumba ya Märklin ya Ujerumani na Mamod ya Uingereza zilijulikana kwa kazi hiyo. Wajapani wa Tamiya walianza kuuza vifaru vidogo vya radio katika miaka ya 1970. Anayeunganisha vitu hivi viwili lazima ajue mambo mengi. Mvuke unatoka katika shodieri ya shaba, unapita katika bomba jembamba, unaingia katika silinda na kusukuma pistoni. Mota ndogo ya radio haisukumi kifaru tena. Inavuta tu mkono wa robine ya mvuke. Ukiweka mashini mbili, moja kwa kila mnyororo, unaweza kupunguza mvuke upande mmoja na kifaru kinageuka. Kijana anayefahamu hayo amekwisha kufahamu nusu ya masomo ya mekanika.

Tena jambo hili lilifanywa kwa ukubwa wake halisi. Mwaka 1918, katika vita kuu ya kwanza, Wamarekani walijenga mjini Boston kifaru cha kweli cha mvuke. Kilikuwa na uzito wa tani karibu 45 na mashini mbili za mvuke, kila moja ikivuta mnyororo wake, na shodieri zake zilichoma petroli. Mashini hizo pamoja zilikuwa na nguvu ya farasi 500, lakini kifaru kilikwenda kilometa 6 tu kwa saa. Kilijengwa kimoja tu. Nafikiri askari waliokaa ndani karibu na shodieri zile hawakusikitika vita ilipokwisha.

Kwa hiyo sitamwambia mtoto wako aache. Lakini yule anayesema ni mchezo tu, namwomba aje siku moja asimame karibu na meza yangu.

Si zamani sana aliletwa kwetu mtoto wa miaka 12. Baba yake ni mtu wa soduri, fundi wa kweli, mwenye sifa kazini. Kifaru kilikuwa kizuri. Niliona mwenyewe, maana ndugu yake alikibeba mpaka mlangoni kama shahidi. Ndani waliweka mkebe wa maziwa ya unga kama shodieri. Kifuniko kilifungwa kwa soduri ya bati, na bomba moja tu lilitoka kwenda kwenye silinda. Manometri haikuwapo. Supape ya usalama haikuwapo. Kifaru kilitembea vizuri, kikavuka uwanja, kikasimama mbali. Mtoto alibonyeza telekomande, hakikusogea. Akaenda kukiokota, akainama. Mshono wa mkebe ulifunguka upande wake.

Aliungua mkono wote wa kulia kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, na kidogo kwenye kidevu. Macho yalipona kwa sababu alikuwa amegeuza uso kumwita ndugu yake. Nyumbani walimpaka dawa ya meno. Tulitumia muda mrefu kuondoa dawa ile ya meno kwa maji, na mtoto alilia kwa sababu ya dawa ya meno karibu sawa na kwa sababu ya moto.

Sasa tuangalie kwa nini mkebe ule ulipasuka, maana baba yule aliniuliza swali hilo akiwa amekaa kwenye benchi: «Mimi nafunga mabomba makubwa kazini, mkebe mdogo ungenishinda namna gani?»

Maji yaliyo wazi katika sufuria, hapa kwetu kwenye nchi ya juu, yanachemka kwenye digri 95 ama 96, chini kidogo ya zile 100 za pwani. Hata ukiongeza makala, hayapandi zaidi. Yanatoka tu kama mvuke. Lakini yafunge. Mvuke hauna njia, unasukuma, na kadiri unavyosukuma maji yanakataa kuchemka mpaka yapate joto zaidi. Kwenye presha ya bar 1 juu ya ile ya hewa, maji yamefika digri 120. Kwenye bar 3, yamefika zaidi ya 140. Maji yote ya ndani yamebeba joto hilo la ziada. Siku mshono unapofunguka, presha inaanguka mara moja, na maji yale hayawezi kubaki maji: sehemu yake inageuka mvuke kwa nukta moja. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote, inataka nafasi ya lita zaidi ya 1600. Ndiyo maana shodieri haitoboki kama baiskeli inavyotoboka. Inalipuka.

Piga hesabu ya kifuniko pia. Mkebe wenye upana wa sentimeta 10 una kifuniko cha sentimeta mraba 78 na zaidi. Bar 2 ni kama kilo 2 juu ya kila sentimeta mraba. Zidisha: karibu kilo 157. Ni kama watu wazima wawili wanasimama juu ya kifuniko cha maziwa ya unga, na wanasimama kutoka ndani. Baba aliyeuliza swali alinyamaza alipoandika hesabu hiyo kwenye karatasi. Kazini hawezi kufunga bomba la presha bila kujua unene wa chuma. Nyumbani alisahau kwa sababu kitu kilikuwa kidogo na kilikuwa cha mtoto.

Halafu soduri. Soduri ya bati na risasi inayotumiwa kwa vitu vya radio inaanza kuyeyuka kwenye digri 183 tu. Wakati maji yako ndani, maji yanaipoza na inavumilia. Maji yakikauka na moto ungali unawaka chini, chuma kinapanda digri 183 kwa muda mfupi sana. Mshono unakuwa laini kama siagi wakati presha bado iko. Watengenezaji wazuri wa shodieri ndogo wanatumia bomba la shaba na soduri ya fedha, ambayo inataka digri zaidi ya 600. Mkebe wa maziwa usitumiwe hata siku moja. Mkebe wa rangi pia, na chupa ya deodora pia, hata ukiona mtu wa mbali anafanya hivyo katika telefoni na anacheka. Yeye hakuonyesha ile iliyopasuka.

(Juu ya bomba la shaba linalotoka wapi, mimi si mlinzi wa lango. Lakini baba, nunua.)

Nakuja sasa kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Watu wanaogopa moto na wanaogopa mvuke, lakini katika kifaru hiki ninaogopa zaidi telekomande.

Fikiri juu ya mwendesha treni wa zamani. Reli ilipofika Lubumbashi mwaka 1910, iliyokuwa ikiitwa Elisabethville, garimoshi zilikuwa za mvuke. Mwendeshaji alikaa mahali gani? Alisimama nyuma ya shodieri, uso wake mbele ya kioo cha maji na manometri. Aliungua jua, alikula moshi, lakini aliona maji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa maji, kasi ilikuja baadaye. Hata mashini ndogo ya mvuke ya mezani, mtoto anakaa mbele yake na anaona.

Kifaru cha radio kinafanya kinyume. Tunachukua shodieri, tunawasha moto chini yake, kisha tunaituma iende mbali na mtu pekee anayepaswa kuiangalia. Inapanda kichuguu, inainama, maji yanakimbilia upande mmoja na upande wa pili unabaki mkavu juu ya moto. Inaingia nyuma ya nyumba. Mtoto anaangalia minyororo kwa sababu minyororo ndiyo inapendeza. Na kifaru kikisimama, mtoto anakiendea. Angalia vizuri hapo: kwa kifaru cha mabuye ya radio, kusimama maana yake nguvu imekwisha. Kwa kifaru cha mvuke, kusimama kunaweza kuwa maana yake robine imekwama imefungwa, moto unaendelea, na presha inapanda kila dakika. Ishara ni moja, maana ni mbili, na moja inaunguza.

Mkubwa mmoja wa atelye aliniambia kwamba migodini pia mashini zinaendeshwa kwa telekomande. Kweli. Lakini huko telekomande inatumiwa ili mtu akae mbali na hatari, na kuna sheria kwamba hakuna anayekaribia mashini mpaka imezimwa. Kwenye uwanja wa nyumba mtoto anafuata kifaru kwa hatua mbili, tena akiwa peku.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuzunguka. Kifaru cha mvuke cha radio kinaweza kujengwa, na baba na mtoto, lakini kwa sharti moja ambalo ni kubwa kuliko mengine yote: moto uwe mdogo kuliko maji. Watengenezaji wenye hekima hawajazi alkoli kwa kupenda. Wanapima. Wanaweka kiasi cha alkoli ambacho kitakwisha chenyewe wakati maji bado yapo ndani. Hivyo, hata kifaru kikipotea nyuma ya choo, hata telekomande ikifa, hata mtoto akiitwa kula na kusahau, moto unazimika na shodieri haikauki.

Unajua namna gani kiasi chake? Jaribu kwanza kifaru kikiwa kimefungwa juu ya tofali, magurudumu hayagusi chini, baba mwenyewe yuko pale na watoto wako mbali. Pima maji unayoweka, kwa sindano kubwa isiyo na ncha au kikombe kidogo. Pima alkoli. Washa, acha izimike yenyewe, acha ipoe kabisa, kisha mwaga maji yaliyobaki na uyapime. Kama hayafiki theluthi moja ya yale uliyoweka, punguza alkoli na anza tena. Andika hesabu kwenye kifaru chenyewe kwa rangi. Mtoto anayeona namba juu ya kifaru chake anaiheshimu kuliko maneno ya mama.

Sharti hilo haliondoi supape. Supape ni mlango wa mvuke uliofungwa na springi ama uzito; presha ikizidi, mlango unafunguka wenyewe. Si kitu kipya: Mfaransa Denis Papin aliweka supape kwenye chungu chake cha kupikia kwa presha mwaka 1679. Mashini nyingi za kuchezea zinazouzwa Ulaya zinafunguka kwenye bar 1 na nusu ama karibu na hapo, na zinatembea vizuri. Usikubali kijana akuambie kwamba bar 4 itakipa kifaru nguvu zaidi. Itakipa, ndiyo. Na usimwache akaze supape kwa sababu «inapoteza mvuke». Supape inayopiga kelele inafanya kazi yake, kama mbwa wa usiku.

Mimi mwenyewe natumia shodieri kila siku. Otoklave yetu ya kuchemshia vyombo inafanya kazi kwa digri 121, presha ya bar 1 hivi, dakika 15 na zaidi. Ina manometri, ina supape, na mlango wake haufunguliwi mpaka sindano ya manometri imerudi kwenye sifuri. Hakuna muuguzi anayesema «ni sufuria tu». Ukitaka kumwonyesha mtoto wako shodieri salama, uliza saa ya kazi yake, nitamwonyesha nikiwa na nafasi.

Na kabla ya moto wa kwanza, shodieri ijaribiwe kwa maji baridi. Vikundi vya Waingereza wanaopenda mashini hizi wana desturi hii, na ni nzuri: unajaza shodieri maji mpaka hakuna hewa, unasukuma kwa pampu ndogo ya mkono mpaka presha mara mbili ya ile ya kazi, unaiacha na kuangalia. Kwa kazi ya bar 1 na nusu, unasukuma mpaka bar 3. Kwa nini maji na si hewa ya kompresa? Kwa sababu maji hayabanwi. Mshono ukishindwa, tone linatoka, basi. Hewa iliyobanwa ingerusha kipande cha shaba ukutani, ama usoni.

Usiseme mambo haya ni ya wasiojua. Mwaka 2001, mwezi wa 7, katika uwanja wa maonyesho wa Medina, jimbo la Ohio, Marekani, trakta kubwa ya mvuke ya zamani ililipuka ikiwasili kwenye maonyesho. Watu 5 walikufa na wengine wengi waliumia. Waliokuwa juu yake walikuwa watu wa kupenda mashini hizo, si watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalikuwa yameshuka chini ya bati la juu ya moto, na chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa na miaka. Neno ni lile lile: maji.

Na hapa kwetu? Wamama, mnajua pipa la lutuku. Pipa lililofungwa, moto chini, bomba moja la kutolea. Bomba likizibwa na uji wa mahindi, pipa lile ni shodieri isiyo na supape, na inayotoka ni alkoli inayowaka. Sitaki kusema leo juu ya kunywa lutuku, hilo ni somo la siku nyingine na najua wangapi watageuza ukurasa. Nasema juu ya pipa tu. Mtoto anayekua karibu na pipa kama hilo anaona ni kawaida kufunga maji na kuwasha moto.

Alkoli ya kuchoma ina ubaya wake wa peke yake. Mchana kwenye jua ulimi wake wa moto hauonekani. Kijana anafikiri umezimika, anachukua chupa na kumwaga tena. Moto unapanda kwa njia ya alkoli mpaka ndani ya chupa, na chupa inakuwa bunduki ya moto mkononi. Majeraha ya namna hiyo ni makubwa kuliko ya mvuke, kwa sababu nguo zinashika. Basi: kikombe cha moto kikizimika, kitolewe, kipoe, kijazwe mbali. Esansi isitumiwe kabisa. Na usifanye ndani ya nyumba. Mbabula peke yake inatosha kuua watu katika chumba kilichofungwa.

Kuna jambo moja ambalo vijana hawawezi kulijua, na wazee wa kiwanda wanalijua nusu. Karatasi nyingi za zamani, za miaka ya 1950 na 1960, zinafundisha kufunika shodieri kwa kamba ama karatasi ya amianti ili isipoteze joto. Kijana anaipata michoro hiyo na anaifuata neno kwa neno. Na sisi katika viwanda vya zamani bado tunaona amianti kwenye mabomba na milango ya tanuru. Baba, usilete hata kipande kimoja nyumbani. Vumbi lake halionekani, halikoholeshi siku ile, na kansa inayoleta inaweza kutokea miaka 30 ama 40 baadaye, kwa mtoto aliyeikata kwa kisu akiwa na miaka 12. Kamba ya pamba, kizibo cha chupa kilichokatwa vipande, ama vijiti vyembamba vya mbao vilivyofungwa kwa waya vinafanya kazi ile ile. Kifaru hata kinapendeza zaidi. Na soduri yenye risasi isiyeyushwe kwenye mbabula inayopikia bukari.

Sasa nikuambie cha kufanya kama mtu ameungua, maana hata penye supape bomba la moto litagusa kidole siku moja.

Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto, na sababu ni hii. Gramu moja ya maji yanayochemka ikigusa ngozi na kupoa inaacha kalori kama 60. Gramu moja ya mvuke, kabla ya kuwa maji hayo, inaacha kwanza kalori 540. Jumla ni 600. Kwa hiyo usidanganyike na ngozi iliyo nyekundu tu katika dakika ya kwanza.

Weka mahali palipoungua chini ya maji safi yanayotiririka, baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Ishirini, si mbili. Kama robine haina maji siku hiyo, na najua siku hizo zipo, mwaga kwa kikombe kutoka kwenye ndoo, polepole, mtu mmoja anamwaga na mwingine anahesabu. Hata kama saa moja ama mbili zimepita, bado inafaa. Mpaka saa tatu baada ya kuungua maji yanasaidia. Toa pete, saa, bangili na nguo iliyolowa maji ya moto kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi uiache. Mtoto mdogo umfunike sehemu nyingine ya mwili asipate baridi. Barafu hapana. Dawa ya meno hapana, mafuta ya mawese hapana, yai hapana, majivu hapana, unga hapana. Najua bibi alifanya hivyo na mtu alipona. Alipona kwa sababu jeraha lilikuwa dogo.

Kisha funika kwa kitambaa kisafi, ama mfuko mpya wa plastiki kwa mkono, bila kukaza. Usipasue malengelenge. Uje kwetu kama jeraha linapita ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake. Uje hata kwa jeraha dogo kama liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo vinavyokunjika ama sehemu za siri, na kama ngozi imekuwa nyeupe ama nyeusi na haiumi tena. Kutouma si habari njema; ni mishipa imeungua. Leta karatasi ya chanjo tuangalie tetanosi.

Na usiogope kusema ukweli juu ya kilichotokea. Wazazi wengine wanasema «sufuria ilimwagika» kwa sababu wanafikiri nitaandika kwa shefu kwamba baba alijenga shodieri nyumbani. Mimi sihitaji jina la fundi. Nahitaji kujua kama ni mvuke, alkoli ama plastiki iliyoyeyuka, maana kila moja inataka dawa yake, na plastiki ya vifaru vile inashika ngozi kama gundi.

Siku ya kuwasha, weka ndoo mbili kabla ya kutoa kiberiti mfukoni. Ya mchanga ni ya moto wa alkoli. Ya maji ni ya mtu, tena yawe maji unayoweza kunywa, yaliyofunikwa, siyo yale ya kuoshea minyororo.